Wingu ni Nyumba ya Kupanga

Saa kumi na moja na nusu jioni, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mzee mmoja muuza vitenge wa jumla anafunga hesabu. Daftari la mali kauli liko juu ya robota, jalada lake limeungwa kwa gundi ya karatasi mara mbili, na ndani wamo wateja wa Songea, Kigoma na Lubumbashi, kila mtu na deni lake, wengine wameandikwa kwa majina ya utani tu. Kando ya daftari ipo mashine ya EFD. Anabonyeza, karatasi ya kufunga siku inatoka taratibu. Nikamuuliza kama amewahi kufikiria kuziweka hesabu zake kwenye wingu. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Mwanangu, hayo mambo ya mabenki. Mimi na daftari langu tumezeeka pamoja."

Anasema hivyo huku ile mashine ikipeleka mauzo yake ya siku nzima kwenye kompyuta za TRA. Hajawahi kuziona kompyuta hizo, hajui ziko jengo gani, wala hajawahi kumwita fundi azitazame. Mashine za EFD zilianza kutumika Tanzania mwaka 2010, kwa hiyo mzee huyu ana miaka mingi anatumia kompyuta za mbali bila kuziita kwa jina. Hata mama mboga wa Nairobi ni hivyo hivyo. M-Pesa ya Kenya ilianza Machi 2007, lakini seva zilizokuwa zikiiendesha zilikaa Ujerumani hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Mama aliuza sukuma wiki Gikomba, mteja akamtumia shilingi hamsini akiwa amesimama mbele yake, na hesabu ya hiyo hamsini ikafanyika Ulaya.

Neno lenyewe ndilo linalotisha watu. Wahandisi wa simu na mitandao walizoea kuchora alama ya wingu kwenye michoro yao kila walipofika kwenye sehemu isiyowahusu, kana kwamba wanasema: hapa katikati kuna mitambo ya watu wengine, tusijisumbue nayo. Mchoro ukageuka jina, na jina likaja kwetu likiwa limebeba picha ya kitu chepesi kinachoelea angani. Hakuna kinachoelea. Kuna jengo, mara nyingi lisilo na madirisha, lenye walinzi getini, majenereta nyuma, viyoyozi vinavyonguruma usiku na mchana, na kabati kwa kabati za kompyuta. Jengo hilo lina mwenyewe. Wewe ukiweka faili lako humo, umekuwa mpangaji.

Nalishika neno hilo la mpangaji kwa sababu kila mfanyabiashara wetu analijua kwa undani. Anajua maana ya kudaiwa kodi ya miezi sita mbele. Anajua dalali ni nani na mwenye nyumba ni nani, na kwamba hao si mtu mmoja. Anajua kuuliza ufunguo wa pili uko kwa nani. Maswali hayo hayo, akiyapeleka kwenye wingu, yatamsaidia kuliko semina yoyote ya teknolojia.

Biashara ya kupangisha kompyuta kwa namna tunayoijua leo ilishika kasi mwaka 2006. Machi mwaka huo Amazon, ambayo wengi waliijua kama duka la vitabu la mtandaoni, ilianza kukodisha nafasi ya kuhifadhi mafaili kwa senti 15 za dola kwa gigabaiti moja kwa mwezi. Agosti ikaanza kukodisha kompyuta nzima kwa senti 10 kwa saa. Huduma hii ya pili, EC2, haikuundwa Seattle yaliko makao ya kampuni. Iliundwa Cape Town na kikundi kilichoongozwa na Chris Pinkham, Mwafrika Kusini aliyetaka kurudi kwao, kampuni ikakubali afungue ofisi huko. Ajabu ni kwamba vituo vya data vya kampuni hiyo vilifunguliwa Cape Town Aprili 2020, miaka 14 baadaye. Microsoft ilikuwa imetangulia kufungua vyake Afrika Kusini Machi 2019, na Google ikafuata Johannesburg Januari 2024. Hapa nyumbani, Dar es Salaam, kuna Kituo cha Taifa cha Data, NIDC, nacho kinapangisha.

Kwa nini watu walikimbilia kupanga? Fikiria umeme. Kununua seva yako mwenyewe ni kama kununua jenereta: unatoa fedha nyingi siku moja, unatafuta chumba, unalisha dizeli, unamlipa fundi, na usiku ukilala linakaa bure. Kupanga kwenye wingu ni kuunganishwa TANESCO, tena kwa LUKU, maana LUKU yenyewe ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na hilo ndilo wazo zima la wingu kwa maneno manne. Hoteli ya Nungwi inayojaa wageni Julai na Agosti, kisha ikakaa kimya masika ya Aprili na Mei, inaweza kukodi nguvu kubwa ya kompyuta kwa tovuti yake msimu wa wageni na kuipunguza mvua zikianza.

Lakini mfano wa LUKU una tobo, na tobo hilo limewaumiza wengi. Uniti za LUKU zikiisha, taa inazimika, unajua. Wingu la kukodi kompyuta nzima haliko hivyo. Unatoa namba ya kadi ya benki, unawasha kompyuta, unasahau, nayo inaendelea kuhesabu iwe inafanya kazi au imekaa. Kwa bei ile ya mwanzo ya senti 10 kwa saa, kompyuta moja iliyosahauliwa kwa siku 30 inadai dola 72. Bili inakuja baada ya matumizi, kwa dola, wakati mauzo yako ni ya shilingi. Mwenye duka dogo asiingie mlango huo bila mtu anayeujua. Upo mlango mwingine unaofanana na kifurushi cha simu: kiasi kimoja kwa mwezi kwa kila mtumiaji, kinajulikana tangu siku ya kwanza. Huo ndio wake.

Wauzaji wa huduma hizi wana vifupisho vyao vya Kiingereza vya kugawa aina za wingu, na vinachosha. Sisi tunafanya sherehe kila Jumamosi, basi tutumie ukumbi. Aina ya kwanza unakodi ukumbi mtupu: kuta, umeme, maji. Viti, mapambo, muziki na chakula unaleta mwenyewe. Hapo unakodi kompyuta tupu, na unahitaji fundi wa kuipanga na kuilinda. Aina ya pili ukumbi una viti, jukwaa na jiko, wewe unaleta mpishi na vyakula. Hiyo ni ya vijana wanaoandika programu zao wenyewe. Aina ya tatu umelipia kila kitu, mpaka mshereheshaji. Unaingia na nguo zako tu. Barua pepe ya Gmail ni aina hiyo ya tatu, na vivyo hivyo programu za hesabu na stoo zinazofunguka kwenye kivinjari cha simu. Duka, saluni, duka la dawa, karakana ya useremala, shule ndogo ya awali: kazi zao karibu zote zinaishia hapo. Ukimsikia fundi anamshawishi mwenye saluni ya viti vitatu akodi ukumbi mtupu, jua fundi anajitafutia kazi.

Sasa tupige hesabu ya mzigo wenyewe, maana wengi wanaogopa bando. Orodha ya mauzo yenye mistari 5,000, yaani bidhaa, idadi, bei na tarehe, haifiki megabaiti moja. Picha moja ya simu ni kama megabaiti 3. Akaunti ya bure ya Google inatoa gigabaiti 15; ukizijaza picha tupu za ukubwa huo utaweka kama 5,000. Ukizijaza orodha za mauzo, utastaafu bado kuna nafasi. Kinachojaza nafasi ya mfanyabiashara ni video za bidhaa na nakala za WhatsApp, ambazo tangu mwaka 2024 kwa simu za Android zinahesabiwa ndani ya gigabaiti hizo 15. Ndiyo maana ghafla unaambiwa nafasi imejaa, na barua pepe za wateja zinaanza kugonga mwamba.

Yule mzee wa vitenge hakukubali kuhamia kwenye programu. Tulichokubaliana ni kidogo zaidi. Kila jioni, EFD ikishatoa karatasi, mjukuu wake anapiga picha ukurasa wa siku wa daftari la mali kauli na kuupandisha kwenye akaunti ya duka. Ukurasa mmoja, megabaiti 3. Daftari limebaki mezani, na nakala yake iko mbali na moto wa Kariakoo.

Moto nautaja kwa makusudi. Usiku wa Julai 10, 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua. Kitabu kilichoachwa kwenye droo usiku ule hakikuwa na wa kukiokoa, na mtu akipoteza daftari la mali kauli amepoteza pia fedha zilizoko mikononi mwa wadeni wake, maana nani atajidai mwenyewe? Hoja ya wingu inaanzia hapo, na kwa biashara ndogo naiona ndiyo hoja kubwa kuliko zote. Ule uwezo wa kupanuka na kusinyaa unaosifiwa sana kwenye matangazo, mwenye duka moja anaweza kuishi bila kuuhitaji. Nakala iliyo mbali anaihitaji leo.

Ila miezi minne tu kabla ya moto wa Kariakoo, wingu lenyewe liliungua. Machi 10, 2021, usiku wa manane, jengo la ghorofa tano la kampuni ya Kifaransa ya OVH mjini Strasbourg liliteketea. Seva zilizokuwa humo zikaisha. Watengenezaji wa mchezo wa kompyuta wa Rust walitangaza kwamba data za seva zao za Ulaya hazirudi. Wapo wateja waliokuwa wamelipia nakala za akiba, wakaja kugundua kwamba nakala zilikuwa zimewekwa eneo lilelile la moto. Mpangaji alidhani amekodi ghala la pili, kumbe ni chumba cha pili cha nyumba ileile.

Na si moto peke yake. Mei 2024 mfuko wa pensheni wa Australia uitwao UniSuper, wenye wanachama zaidi ya nusu milioni, ulikuta mazingira yake yote kwenye wingu la Google yamefutwa kwa sababu ya kosa la mpangilio lililofanyika upande wa Google. Yalifutwa hata kwenye eneo la pili lililokuwa likitunza nakala. Kilichousaidia mfuko ule ni nakala nyingine waliyokuwa wameiweka kwa mtoa huduma tofauti kabisa. Wapiga picha wa kulipwa wana kanuni yao ya siku nyingi: nakala tatu, za aina mbili tofauti, moja iwe mbali. Kwa duka letu hiyo ni daftari au kompyuta ya dukani, akaunti ya wingu, na flashi inayolala nyumbani ambayo unaijaza kila Jumapili. Flashi ni elfu chache.

Hapo kuna jambo moja dogo linalowachanganya hata wasomi. Folda inayojioanisha na wingu yenyewe kwa yenyewe siyo nakala ya akiba. Kijana wa dukani akilifuta faili kwenye kompyuta, linafutika na kule. Akilivuruga, linavurugika na kule. Google Drive huliweka faili lililofutwa kwenye pipa la taka kwa siku 30, kisha basi. Kama ulikuwa umesafiri kwenda Guangzhou kufuata mzigo na ukachelewa kurudi, siku 30 si nyingi.

Halafu kuna barabara ya kwenda kwenye hiyo nyumba. Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Intaneti ilikwenda kwa kusuasua kwa siku kadhaa. Duka ambalo mfumo wake wa mauzo ulikuwa haufunguki bila intaneti lilirudi kwenye kalamu. Kwa hiyo unapooneshwa programu ya mauzo, zima data ya simu mbele ya muuzaji uone kinachotokea. Iliyo nzuri itaendelea kuuza na kutunza kumbukumbu, kisha itapeleka kila kitu mtandao ukirudi. Ikikuonesha duara linalozunguka, mshukuru kijana kwa muda wake.

Nimechelewa kufika kwenye ufunguo, na ndiko mambo mengi yanakoharibikia. Binamu yangu ana duka la dawa. Alipoanza alimwita kijana fundi wa kompyuta, kijana mzuri tu, mwenye adabu, akamfungulia akaunti, akampangia orodha ya dawa pamoja na tarehe za kuisha muda, na kila kitu kikaenda vizuri kwa miaka miwili. Akaunti ilifunguliwa kwa namba ya simu ya yule kijana, kwa sababu siku hiyo simu ya binamu ilikuwa haina chaji. Kijana akapata kazi mgodini, akabadilisha laini. Siku moja simu ya binamu ikadondoka kwenye ndoo ya maji. Akanunua nyingine, akajaribu kuingia, akaunti ikaomba msimbo wa uthibitisho, msimbo ukatumwa kwenye namba ambayo haikuwa ya mtu tena. Tulikaa sebuleni kwake tukijaribu mpaka saa saba usiku. Orodha ilikuwepo, nzima, salama salimini, kwenye jengo lenye walinzi na majenereta, na mwenye mali alikuwa nje ya geti. Ilibidi ahesabu dawa upya, kopo kwa kopo, akisoma tarehe kwa tochi ya simu.

Yule kijana hakuwa mwizi. Alikuwa dalali aliyeandikisha mkataba wa pango kwa jina lake. Basi akaunti ifunguliwe kwa jina la biashara na namba ya mwenye mali, namba anayoitumia kila siku, kwa kuwa laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba hugawiwa mtu mwingine. Iwekwe anwani ya pili ya kurejeshea, ya mke, mume au mtoto mkubwa. Uthibitisho wa hatua mbili uwashwe. Google hutoa misimbo 10 ya akiba ya kutumia simu ikipotea. Ichapwe, ikae bahasha moja na leseni ya biashara na cheti cha TIN. Mfanyakazi apewe akaunti yake, asipewe nenosiri lako, na siku anayoacha kazi umuondoe kabla hajamaliza kunywa soda ya kuagwa. Nenosiri moja linalojulikana na watu watano ni ufunguo uliowekwa chini ya jiwe la mlangoni.

Mpangaji pia auulize mlango wa kutokea siku anayoingia. Mwenye nyumba hubadilisha masharti. Hadi Mei 31, 2021 Google Photos ilikuwa ikipokea picha bila kikomo, bure; kesho yake ikaanza kuzihesabu. Tangu mwishoni mwa 2023 akaunti ya Google isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Mifumo midogo ya hesabu inayouzwa na vijana wetu, na baadhi yao wanafanya kazi nzuri sana, inaweza kufungwa mwenyewe akipata ajira. Kwa hiyo kabla ya kulipa senti, mwambie muuzaji: nitolee sasa hivi orodha yangu yote kwenye faili la Excel. Asipoweza mbele yako, hataweza ukiwa umegombana naye.

Sheria nayo ipo, na haiulizi ukubwa wa duka lako kwanza. Kenya ilipitisha yake ya ulinzi wa data mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kusajiliwa, na kuzipeleka taarifa hizo nje ya nchi kuna masharti. Majina na namba za wateja wako ni taarifa binafsi. Mwenye duka la dawa, zahanati au shule anayetunza habari za wagonjwa na watoto kwenye kompyuta iliyoko Ulaya aende Tume akaulize kabla hajaulizwa.

Jumapili hii, duka likiwa limefungwa, fanya jaribio moja. Weka simu yako mezani uizime, kama vile imeibiwa. Chukua simu ya mtu mwingine wa nyumbani, jaribu kuingia kwenye akaunti ya biashara yako, fungua hesabu za wiki iliyopita, zipakue, uone kama zinasomeka. Zikisomeka, andika tarehe ya leo nyuma ya daftari na urudie baada ya miezi mitatu. Usipoweza kuingia, Jumatatu usifungue duka kabla hujalishughulikia hilo.